Mhariri Aliyekaa Ngazini

Katika mji wetu gazeti kubwa halijawahi kukosea. Tangu nijue kusoma sijaona ndani yake hata mstari mmoja wa kuomba radhi. Lilitangaza kwamba daraja limefunguliwa, nasi tukavuka mto tumekunja suruali. Likatangaza kwamba bei ya unga imeshuka, nasi tukasimama dukani tukitazamana na muuzaji. Gazeti halikukosea, sisi ndio tuliochelewa kuyaona maendeleo. Watu wanalinunua hadi leo, wanasoma matokeo ya mpira, kisha wanalitumia kufungia misumari.

Bango hukosea, tena hukosea kwa herufi kubwa. Hili Bango ni shirika dogo la habari ambalo si la mfanyabiashara wala la chama, na halitafuti faida. Lina ukurasa wake mtandaoni, na kila wiki linachapisha karatasi moja pana inayobandikwa na kugawiwa sokoni, hospitalini na kituo cha mabasi. Likikosea, masahihisho yanakaa juu kabisa, kwa herufi zenye unene uleule wa kosa lenyewe, na yanakaa hapo wiki nzima. Wapo watu wanaosoma masahihisho tu, wakacheka, wakaenda zao. Lakini ukiwasikia wakibishana barazani, anayetaka kuwafunga wenzake mdomo hasemi "nimesoma gazetini". Anasema "iko kwenye Bango", na mabishano yanaishia hapo.

Aliyeleta utaratibu huo ni mama mmoja mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi, ambaye wachapaji wa gazeti kubwa walimpa jina la Bi Nanikasema. Alianza kazi pale akiwa msichana, kwenye dawati la habari za jamii, mahali ambapo habari ni harusi za wakubwa na hundi kubwa za kadibodi zinazokabidhiwa mbele ya kamera. Mhariri mkuu akimletea sentensi kama "wananchi wameupokea mradi kwa shangwe", yeye anainua miwani.

"Nani kasema?"

"Wananchi."

"Yupi?"

Mtu wa namna hiyo hapandishwi cheo. Akabaki kwenye dawati lile lile mpaka nywele zikaanza kuwa na mvi, hadi siku alipoambiwa aandike kwamba jengo jipya la hospitali sasa linahudumia wagonjwa. Kwa bahati mbaya ya gazeti, jana yake alikuwa amempeleka mama mkwe wake hospitalini, akalichungulia jengo hilo dirishani. Ndani kulikuwa na mifuko ya saruji, imepangwa vizuri hadi darini.

"Sijaona mgonjwa," akamwambia mhariri mkuu. "Nimeona saruji."

"Kwani saruji haihitaji kulazwa?" akajibu mhariri mkuu, na chumba kizima kikacheka, kwa kuwa mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia.

Yeye hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani, akamwambia mumewe kwamba hana kazi. Mumewe ni mwalimu wa udereva, mtu mpole ambaye kwa kazi yake amezoea kukaa pembeni ya watu wanaokanyaga breki bila kutoa taarifa. Aliuliza tu kama wamezozana sana. Binti yao, aliyekuwa jikoni, akapaza sauti kwamba chakula kimeiva. "Nani kasema?" akauliza mama mtu, na kutoka hapo nyumba nzima ikajua kwamba hajaumia sana.

Kuanzisha gazeti bila tajiri ni rahisi, kinachosumbua ni kupata pa kuketi. Hapo ndipo anapoingia mdogo wake, ambaye mji wote unamwita Mkurugenzi, maana ni mkurugenzi wa kila kitu anachokigusa. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ana magari ya kukodisha, ana kampuni za zabuni ambazo hata yeye lazima afikiri kidogo kabla ya kuzitaja zote. Duka liko chini ya jengo lake mwenyewe, na ghorofa ya pili kulikuwa na chumba kitupu. Akakitoa bure, mbele ya ukoo mzima, kwa hotuba.

"Dada yangu ni taa ya jamii," alisema akiwa amesimama. "Na taa lazima iwe na mahali pa kutundikwa."

Dada mtu akashukuru, kisha akaleta mchoraji wa mabango ya barabarani. Kwenye ukuta wa kuingilia, mchoraji akaandika nani anachangia nini. Lilikuwapo shirika la nje lenye jina refu linalochosha pumzi, kilikuwapo chama cha wauguzi, walikuwapo wasomaji wanaotoa kidogo kidogo kila mwezi, akiwamo mwalimu mstaafu na dereva mmoja wa lori. Na katikati yao, kwa herufi zile zile: "Chumba hiki kimetolewa bure na mdogo wake mhariri."

Mkurugenzi alikuja kuuona ukuta. "Hata rangi ya dhahabu hamkuniwekea?"

"Mwenye lori naye aliomba dhahabu," dada yake akamwambia. "Nikamkatalia."

Chini ya majina zikaandikwa kanuni. Anayechangia haoni habari kabla ya wengine kuiona. Anayelaumiwa anapigiwa simu na kusomewa kila sentensi inayomhusu kabla haijachapishwa, ajibu. Kosa husahihishwa juu kabisa. Na mwandishi au mhariri ambaye ndugu yake ametajwa katika habari hutoka chumbani, haigusi habari hiyo wala haisemei neno, mpaka iishe. Kanuni hii ya mwisho aliiandika Bi Nanikasema kwa mkono wake, akiwafikiria ndugu za watu wengine.

Ndani ya chumba walikuwa watatu. Yeye mwenyewe. Kiberiti, binti mwembamba aliyetoka chuoni na hasira zake zote zikiwa bado hazijatumika. Na Mzee Hesabu, mkaguzi mstaafu wa hesabu za serikali, ambaye hashtuliwi na chochote duniani isipokuwa stakabadhi isiyo na muhuri. Alikuwa mhariri msaidizi kwa sababu moja tu: hakuwa na ndugu mjini.

Siku moja Kiberiti alikwenda sokoni kununua viatu. Mvua ikamkuta, akaegemea ukuta kwenye upande wa nguo, na mtungi mwekundu wa kuzima moto uliokuwa umetundikwa hapo ukachomoka ukamwangukia mguuni. Akafumba macho, akajiandaa kupiga kelele. Kelele hazikuja. Akafumbua macho akautazama mguu, akautazama mtungi, akauinua kwa mkono mmoja kama mtu anayeinua kikombe cha chai. Ulikuwa mtupu. Akaenda kwenye ule wa pili, wa tatu, akamaliza upande wa nguo, akaingia upande wa mboga. Yote mitupu, na yote imepakwa rangi mpya inayong'aa.

Karatasi za zabuni hazikuwa za siri, kwani halmashauri ilizibandika yenyewe ikijisifu kwa uwazi. Mitungi mipya, iliyojaa, soko zima. Kiberiti alizisoma, akapanda ngazi mbili mbili.

"Bi Mkubwa, soko letu likiwaka leo, watu watazima moto kwa rangi! Mitungi ni maganda matupu! Halmashauri imelipa!"

"Imemlipa nani?"

Kiberiti akafungua mdomo, akaufunga. Akaonyesha sakafu kwa kidole, yaani huko chini, dukani.

Kutoka chini ilisikika sauti ya mtu anayekata bomba. Bi Nanikasema akavaa miwani, akaivua, akachukua mkoba wake na karatasi za habari nyingine aliyokuwa akiihariri, habari ya kituo cha mabasi, akatoka nje akafunga mlango. Ngazi za jengo lile ni za saruji, hazina kiti wala dirisha. Akakunja kanga yake, akaketi juu yake.

Basi kwa siku kadhaa mhariri wa Bango akafanyia kazi ngazini. Waliopanda kwenda kwa fundi cherehani wa ghorofa ya juu walilazimika kumruka.

"Mbona uko nje, mama?"

"Mdogo wangu yuko ndani."

"Anafanya nini?"

"Anaandikwa."

Wifi yake, mke wa Mkurugenzi, akampigia simu hapo hapo ngazini. "Wifi, unatuua. Watoto watakwendaje shule? Wewe si ndiye mkubwa wa pale? Sema neno moja tu."

"Neno hilo moja ndilo nisilo nalo, wifi. Nikisema habari ichapwe, nimemuuza ndugu yangu. Nikisema isichapwe, nimewauza watu wa sokoni. Ndiyo maana nimekaa ngazini."

"Na hapo ngazini unafanya nini?"

"Nahariri kituo cha mabasi."

Wifi akakata simu. Tangu siku hiyo akawa anamwita "yule mama wa kwenye ngazi", kana kwamba hawajawahi kupikiana.

Mzee Hesabu alifanya kazi yake vizuri mno. Alidai nakala ya zabuni, akapata. Alidai stakabadhi, akapata, zenye muhuri. Akaangalia tarehe, sahihi, jumla. Kila karatasi ilikuwa mahali pake. Kiberiti akaandika, na katika aya ya pili akaweka sentensi yenye nguvu aliyoilalia na kuamkia: "Mitungi yote ya soko ni mitupu." Mzee Hesabu akaitazama, akaona karatasi zinasema mitungi yote ilinunuliwa, akaona binti kaapa kwamba ni mitupu, akaweka alama ya vema. Hakuna aliyeuliza lile swali la maneno mawili. Mwenye swali alikuwa nje.

Kisha Kiberiti akampigia simu Mkurugenzi, kama kanuni inavyotaka, akamsomea. Mkurugenzi alisikiliza kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Kiberiti alipofika kwenye aya ya pili, Mkurugenzi akasema, "Rudia hapo, binti."

"Mitungi yote ya soko ni mitupu."

"Yote?"

"Yote."

"Vizuri sana. Andika hivyo hivyo. Na uandike kwamba nimesema uandike hivyo hivyo." Akakata simu.

Kiberiti akamgeukia Mzee Hesabu. "Ananikejeli. Mtu mwenye hatia lazima akejeli."

Dakika chache baadaye Mkurugenzi alikuwa anapanda ngazi, akipiga mluzi. Dada yake alimsikia kabla ya kumwona. Alimlea huyu mtoto mama yao alipokuwa kazini. Anajua namna anavyopiga mluzi akiwa ameogopa na namna anavyopiga mluzi akiwa ameficha kitu chini ya mto. Huu ulikuwa wa chini ya mto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kuwatoa walio ndani?"

"Mimi? Nimekuja kukusalimia tu. Kumbe unakaa kwenye ngazi zangu siku zote hizi? Si ungesema nikuletee kiti."

"Kiti ni mchango. Itabidi kiandikwe ukutani."

Mkurugenzi akacheka kwa dhati, akaketi kando yake, suruali ya bei kwenye saruji. "Binti yako kanisomea. Anasoma vizuri, maskini. Mitungi yote, kasema. Yote, dada. Hata mmoja hakubakiza."

Akalitamka lile "yote" kama mtu anayemung'unya peremende. Bi Nanikasema akageuka akamtazama usoni.

"Siyo yote," akasema.

"Mimi nimesema nini? Mimi sijasema kitu."

"Waambie. Mlango huo hapo. Ingia uwaambie ipi imejaa, watarekebisha sasa hivi."

"Niwasaidie watu wanaonichafua? Dada, wewe ni mtu mwema mpaka unachosha. Ingia wewe uwaambie."

"Siruhusiwi kuingia."

"Ofisini kwako?"

"Ndiyo."

"Ndani ya jengo langu?"

"Hasa kwa sababu ni jengo lako."

Akasimama, akajipangusa vumbi, akateremka akipiga mluzi ule ule. Bi Nanikasema akabaki akiutazama mlango. Ungefunguka kwa kidole. Angeingia, angesema maneno matatu, na Bango lingeokoka na aibu. Na kesho yake fundi cherehani angesema, na wateja wa fundi cherehani wangesema, na gazeti kubwa lingeandika kwa wino mwekundu, kwamba dada mtu aliingia chumbani habari ya mdogo wake ikapunguzwa makali. Nani angeamini kwamba aliingia kusahihisha? Yeye mwenyewe, kama angekuwa msomaji, asingeamini. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo halikukatazwa na kanuni yoyote. Akakohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, kikohozi chenye alama ya kuuliza mwishoni.

Mlango ukafunguka kidogo. Kiberiti akatoa mkono wenye glasi ya maji.

"Binti yangu, hebu…"

"Usiseme kitu, Bi Mkubwa!" Kiberiti akaziba masikio kwa mkono mmoja na bega moja. "Usituharibie! Kanuni ni yako mwenyewe." Mlango ukafungwa.

Akanywa maji. Nimewahi kusikia wasomi wakieleza kwa muda mrefu uhuru wa vyombo vya habari ni kitu gani. Nadhani ni mama mmoja ngazini anayekunywa maji asiyokuwa na kiu nayo.

Bango likatoka asubuhi. Kufikia saa nne soko lilikuwa limefurika, na Mkurugenzi alikuwa amefika akiwa na suti, mpambe wa kumshikia koti, na mpiga picha wa gazeti kubwa. Aliwaongoza watu mpaka upande wa nyama, akachomoa mtungi ukutani kwa mikono miwili, akahema ili kila mtu aone uzito, akavuta pini, akabonyeza. Unga mweupe ukatoka kwa kishindo, ukafunika wauza nyama, ukafunika nyama, ukamfunika mpiga picha. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wamebeba Bango mkononi, wakalikunja kwa aibu kama wao ndio waliolichapisha.

"Mtupu huu?" aliuliza Mkurugenzi, mweupe hadi kwenye kope. "Mtupu?"

"Umejaa!" soko likajibu.

Gazeti kubwa likatoa toleo maalumu kabla ya jioni. Simu ya Bango ililia hadi ikapata joto. Mwalimu mstaafu alipiga, hakutukana, alisema tu kwamba amesikitika, na hilo likamuumiza Kiberiti kuliko matusi. Akatoka akaenda ngazini, akaketi chini kabisa ya miguu ya Bi Mkubwa wake, akalia.

"Ulijua."

"Nilihisi."

"Ungenigongea!"

"Nilikohoa."

Kiberiti akafuta pua. "Lakini yeye ni mwizi tu! Ya nguo na ya mboga ni mitupu, niliinua mwenyewe. Tukisema tumekosea, watasema kila kitu ni uongo. Tuweke masahihisho madogo, pale chini, karibu na matangazo ya msiba. Wiki hii tu. Bi Mkubwa, kwa ajili ya ukweli."

"Kuhusu habari hiyo sina neno, bado ni mdogo wangu. Kuhusu kanuni, ziko ukutani, na aliyeziandika alilipwa na mwenye lori."

Kiberiti akarudi ndani. Alikaa na kalamu muda mrefu kuliko alivyokaa na habari yenyewe. Asubuhi iliyofuata, bila kungoja wiki iishe, juu kabisa ya Bango lililochapwa upya, kwa herufi nene zilizokula nusu ya karatasi, watu wakasoma:

"TULIKOSEA. Tuliandika kwamba mitungi yote ya soko ni mitupu. Mwandishi wetu aliinua mitungi ya upande wa nguo na wa mboga, hakwenda upande wa nyama kwa sababu mvua ilikatika. Ya upande wa nyama imejaa. Mhariri wetu, ambaye kwa kawaida angeuliza, ni dada yake mwenye kampuni na alikuwa amekaa ngazini. Mwenye kampuni alisomewa kosa hili kabla, akasema tuandike hivyo hivyo, nasi tukaandika. Tunaomba radhi kwake na kwa wasomaji. Ya upande wa nguo na wa mboga bado ni mitupu. Usituamini. Inua."

Kwanza watu walicheka. Walicheka kwa sababu ya ngazi, walicheka kwa sababu ya mvua. Muuza mboga mmoja aliyekuwa akisomewa na jirani yake akacheka hadi akajishika kiuno, kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akautoa mtungi ukutani. Kicheko kikakatika. Akampa jirani. Jirani akampa mteja. Mtungi ukazunguka kutoka mkono hadi mkono kama mtoto mchanga kwenye sherehe, na kila aliyeupokea alifanya uso ule ule. Dakika chache baadaye mitungi ilikuwa inapaa kila mahali upande wa mboga.

Na hapo ndipo maonyesho ya Mkurugenzi yalipomrudia. Kabla ya jana hakuna mtu sokoni aliyejua mtungi uliojaa unakuwaje. Sasa walikuwa wameonyeshwa na mtaalamu, mwenye suti, tena bila malipo.

"Jana alihema!" alipaza sauti mshona viatu. "Mlimwona alivyohema? Hebu huu nauhemea nini?"

"Kwa hiyo nyama isiungue," akasema muuza mboga, "mimi niungue?"

Wauza nguo wakasema wao wameuza nguo miaka yote wakidhani wamelindwa, kumbe wamelindwa na rangi. Wakaibeba mitungi kwa vidole, msafara mzima, wakaenda kuipanga mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, mmoja juu ya mwingine, hadi mlango ukazibika. Mpiga picha wa gazeti kubwa alikuwapo. Hakupiga.

Mkurugenzi alinunua mitungi mipya kwa pesa zake, kimya kimya, safari hii ya uzito unaostahili. Siku hiyo hiyo akampa dada yake notisi ya kuhama. Alimkuta bado ngazini.

"Kuanzia sasa hamna chumba. Wala ngazi."

"Haya."

"Huulizi kwa nini?"

"Hilo halihitaji kuulizwa, mdogo wangu. Umesomeka vizuri."

Alilia kidogo kwa mumewe usiku ule, na si kwa ajili ya chumba. Mwalimu wa udereva alimmiminia chai, akasubiri. Kwenye shughuli za ukoo kaka na dada wakawa wanakaa pembe mbili za ukumbi, na wifi katikati kama ukuta.

Bango likahamia kwenye chumba kilichokuwa saluni, nyuma ya duka la ndoo. Mwenye saluni alihama akaacha vioo kuta zote, na kodi yake inalipwa na wasomaji, ambao baada ya lile kosa waliongezeka, sijui kwa nini, au labda najua. Kwa sababu ya vioo Mzee Hesabu anajiona mara nne kila anapopiga muhuri, na anasema kwa mara ya kwanza maishani ana wasaidizi wa kutosha. Majina ya wachangiaji yamechorwa nje, mtaani. Ndani hakuna pa kuyaweka.

Miezi ikapita. Siku moja ya manyunyu mlango wa saluni ukafunguliwa, akaingia Mkurugenzi, peke yake, bila mpambe. Alikutana na yeye mwenyewe pande zote, akatazama visogo vyake vitatu, akaketi kwenye kiti cha kusukia nywele ambacho hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukitoa.

Dada yake hakuinuka. "Shikamoo yako iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kutufukuza na huku?"

"Nimekuja kusema." Akameza mate. "Mliandika ya nyama imejaa. Hamkuuliza kwa nini ya nyama ndiyo imejaa."

Kiberiti aliacha kuandika.

"Mabucha yote pale ni ya mwenyekiti wa kamati ya soko kule halmashauri," akasema Mkurugenzi. "Kwa majina ya watu wengine. Zabuni alinipa yeye, na fungu lake alichukua yeye, na sharti lake lilikuwa moja: kwake ijazwe. Sasa kuna zabuni ya nyaya za umeme za soko hilo hilo, kampa mwingine, kwa mtindo ule ule. Nyaya, dada. Mitungi ni mitungi, inasubiri moto. Nyaya zenyewe ndizo moto."

"Anakunyima zabuni ndiyo umeona moto," akasema Kiberiti.

"Ndiyo," akasema Mkurugenzi. "Lakini moto upo."

"Kwa nini usiende kwa rafiki zako wa gazeti kubwa?"

"Nilikwenda. Wakaniambia bei ya ukurasa." Akakitazama kisogo chake kwenye kioo. "Nimelipia kurasa pale miaka mingi, binti. Najua zinavyoandikwa. Mimi mwenyewe nikiuona huo ukurasa siuamini, nani mwingine atauamini?"

"Nawe utakuwemo kwenye habari," Kiberiti akamwambia. "Fungu ulilitoa wewe. Hatukufichi."

"Najua."

"Na mwenyekiti atapigiwa simu asomewe kila sentensi kabla hatujachapa."

"Atawadanganya."

"Ulitudanganya na wewe. Safari hii nitainua kila kitu."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali, na visogo vyake vyote vikatikisika. Kiti kikalia. Akamgeukia dada yake, ambaye tangu mwanzo wa maneno hayo alikuwa tayari ameshika mkoba lakini hajanyanyuka, maana ilikuwa miezi mingi hajaketi chumba kimoja na mdogo wake.

"Dada," akasema Mkurugenzi kwa upole, "toka basi, tuanze."

Akatoka. Nje manyunyu yalikuwa hayajakatika. Mwenye duka la ndoo akageuza ndoo moja kubwa, akaipangusa kwa kiganja, akamsogezea.

"Leo nani yuko ndani, mama?"

"Yule yule," akasema, akaketi.